Bunduki ya kuwindia: iache kama ilivyotoka kiwandani, au ipite kwa fundi kwanza?

Kwenye nyumba za zamani za Ngamiani, hapa Tanga, hukosi mlango mmoja ambao masika unausukuma kwa bega, na ikifika Januari unaufunga kwa kidole. Mlango haujabadilishwa. Mbao imekunywa unyevu ikavimba, kisha kaskazi ikaukausha. Niliishi na mlango wa namna hiyo tangu utotoni, lakini sikuwahi kufikiri kwamba jambo lile lile lilikuwa likitokea ndani ya kabati langu la chuma, kwenye kitako cha bunduki yangu.

Mwezi wa pili niliiwekea shabaha vizuri kabisa. Ni ya kiwandani, kipimo cha risasi .30-06, kitako cha mbao. Risasi tatu kwa mita 100, na matundu yote matatu yalifunikwa na kikombe kimoja cha kahawa. Nikaipaka mafuta, nikaifungia. Masika yakapita. Mwezi wa saba nikiwa na kibali upande wa Handeni nikapata kuro dume, mita 120 hivi, amesimama ubavu, upepo unanijia usoni. Nikataja jina la Mwenyezi Mungu, nikavuta triga. Risasi ikaenda tumboni. Tulimfuata kwa muda wa saa tatu. Tulimkuta kalala chini ya mgunga jua likizama, bado yu hai, na kisu kikawahi. Nyama ilikuwa halali, lakini saa tatu zile za mnyama yule zilikuwa dhambi yangu, na ndizo zilizonipeleka kwa fundi.

Niliporudi uwanja wa shabaha matundu yalikuwa bado yamekaa pamoja, ila yamehamia kushoto sentimita 14. Nikadhani darubini imelegea. Msimu ule mjomba alikuwa anaipeleka bunduki yake kubwa ya nyati, ya kipimo cha .375, Arusha kwa fundi wa silaha, basi na mimi nikaongozana naye. Yule mzee hakugusa darubini.

"Mwanangu, una noti ya elfu kumi?"

Nikampa. Akaikunja mara moja, akaipitisha kati ya mtutu na ulimi wa mbele wa kitako kuelekea kwenye mwili wa bunduki. Upande wa kushoto ilipita. Upande wa kulia ilikwama shibiri moja tu kutoka ncha. Mbao ilikuwa imevimba na kuusukuma mtutu.

Ninayoyaandika hapa yametokana na siku hiyo na misimu iliyofuata: bunduki mbili, yangu na ya mjomba, zilizoingia kwa fundi mmoja na kutoka na kazi tofauti. Wengi wananiuliza waanze na nini, na wengi huwa tayari wameshaamua kununua mtutu mpya au triga ya bei. Mimi nasema wanaanza mwisho.

Kwanza, makaratasi

Silaha ya moto Tanzania inaongozwa na sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015, na bunduki yako inatambulika kwa namba, aina na kipimo cha risasi. Kwa hiyo tenganisha kazi za fundi katika mafungu mawili. Kuna kazi ambazo hazibadilishi utambulisho wa silaha: kitako, pedi ya bega, kulaza chuma kwenye kitako, skrubu, darubini. Na kuna zinazougusa: kubadili mtutu, kubadili kipimo cha risasi, kugusa sehemu yenye namba. Hizi za pili usizianze bila kwenda polisi kwanza. Na hata zile za kwanza, mpelekee fundi mwenye leseni, safiri na nyaraka zako, bunduki ikiwa tupu ndani ya mfuko wake. Fundi wa mtaani anayetengeneza magobole kwa siri hata akiwa rafiki yako, mwache.

Kiwanda tayari kimekupa nini

Kabla hujatoa shilingi, jua unacho nini. Bunduki nyingi za kiwandani za miaka hii, ukiipatia risasi inayoipenda, zinaweka matundu matatu ndani ya sentimita 3 hadi 5 kwa mita 100. Sehemu ya kufisha kwenye kifua cha swala pala ina upana wa kiganja na vidole vilivyotanuliwa, sentimita 15 na zaidi. Porini kwetu, ambako vichaka vya Handeni na Kilindi havikupi nafasi ya kuona mbali, risasi nyingi hupigwa chini ya mita 150. Ukifanya hesabu utaona kwamba usahihi ulionao unatosha na kubaki. Kinachokosekana ni uthabiti: bunduki ipige pale pale Julai ilipopiga Februari.

Tofauti kubwa zaidi kati ya bunduki moja ya kiwandani na nyingine iko kwenye jinsi inavyolisha risasi. Mauser ya mwaka 1898 ina ukucha mrefu wa chuma unaoikamata risasi tangu inapotoka magazini na hauiachii mpaka ganda litupwe nje. Winchester Model 70 ilipoingia sokoni mwaka 1936 ilikuwa na ukucha wa aina hiyo, kiwanda kikauondoa mwaka 1964, na wawindaji wakalalamika miaka mingi mpaka ukarudishwa. CZ 550 ya Kicheki inao. Remington 700, iliyoanza mwaka 1962, inaisukuma tu risasi mbele na kuikamata mwishoni. Kwa ngiri na tohe sioni sababu ya kubagua. Kwa nyati ipo. Mtu aliyeshtuka huvuta komeo la bunduki nusu kisha akasukuma, na hapo bunduki isiyo na ukucha inaweza kuweka risasi ya pili nyuma ya nyingine ambayo haijatoka. Hili fundi hawezi kukupa baadaye. Unalinunua dukani au hulipati.

(Jina la Mauser si geni Tanga. Katika vita vya hapa Novemba 1914, askari wengi wa Kijerumani walikuwa bado na Mauser za mwaka 1871 zenye baruti ya moshi mweusi, kila risasi ikimtangaza aliyeipiga. Nilipokuwa mdogo wazee walizitaja bunduki zile kana kwamba ni jamaa wa ukoo.)

Kitako: mbao, mbao za tabaka, au faibaglasi

Hapa ndipo pwani inapotutenga na wanaoishi Arusha au Iringa. Mvuke wa bahari, chumvi, masika ya Machi hadi Mei, halafu unapanda gari na ndani ya saa chache uko bara kwenye hewa kavu. Mbao ya mjozi, ile wanayoiita walinati, ni nzuri kuliko zote kwa macho na kwa mkono. Lakini mbao huvimba kwa upana wa nyuzi zake, sio kwa urefu, na upana huo ndio unaoushika mtutu pande mbili. Kiwanda hupaka vanishi sehemu inayoonekana. Ndani, kwenye shimo mnamolala chuma, na chini ya pedi ya nyuma, mara nyingi huachwa kavu. Unyevu huingilia huko.

Ukiipenda mbao yako, na mimi naipenda yangu, dawa ya kwanza ni rahisi: fundi aifungue, aikaushe taratibu, apake ndani kote mafuta magumu au vanishi, hasa pale nyuzi zilipokatwa. Kazi hiyo haimalizi tatizo lakini inaipunguzia mbao pupa ya kunywa. Waulize mafundi wa majahazi wa Pangani kwa nini hawaachi ubao bila mafuta.

Mbao za tabaka ni vipande vyembamba vilivyogundishwa pamoja, kama playwudi lakini kwa ubora wa juu. Kwa kuwa kila tabaka linamzuia mwenziwe, haipindi kirahisi. Ina nguvu ya kubeba teke kubwa. Kasoro yake ni uzito, na machoni pa watu wengine, mistari ile ya rangi. Kwa .375 uzito ule ni baraka, kwa .30-06 ya kutembea nayo kutwa ni mzigo.

Faibaglasi haina habari na masika. Imara, nyepesi, haiogopi mikwaruzo ya miiba. Lakini tofautisha faibaglasi halisi, iliyotengenezwa kwa matabaka ya kitambaa cha kioo na gundi, na plastiki nyepesi ya kumimina ambayo viwanda huifunga kwenye bunduki za bei nafuu. Hiyo ya pili haivimbi, ni kweli, lakini ulimi wake wa mbele unapinda kwa mkono. Ukiegemeza bunduki juu ya kichuguu au ukakaza mkanda, unagusa mtutu, na umerudi palepale kwenye ugonjwa wangu wa sentimita 14. Mtu anayetoa mbao nzuri kuweka plastiki hiyo kwa sababu ya unyevu amebadilisha tatizo, hajalitibu.

Nikilazimika kuchagua moja kwa mtu wa Tanga asiye na urithi wa kulinda, ni faibaglasi halisi. Kwa aliye na mbao tayari, asome sehemu inayofuata kabla hajaagiza.

Kulaza bunduki, au kubadili mtutu

Kulaza maana yake ni kumimina gundi ngumu ya epoksi kati ya mwili wa chuma na kitako ili chuma kilale juu ya umbo lake halisi, bila mahali panapocheza. Fundi mzuri huongeza nguzo mbili fupi za alumini, moja kwa kila skrubu inayofunga mwili kwenye kitako. Bila nguzo, skrubu inabana mbao. Mbao ikilainika inabonyea, skrubu inalegea, unakaza tena, na kila ukikaza bunduki inapiga mahali pengine. Nguzo zikiwepo chuma kinakutana na chuma na umbali haubadiliki masika wala kiangazi. Mwisho anauchonga ulimi wa mbele ili mtutu uelee, usiguse kitu kuanzia mwilini hadi mdomoni. Noti ya elfu kumi ipite bila kukwama pande zote, na ipite hata ukiwa umeubana ulimi kwa mkono.

Kwenye bunduki ya teke kubwa kulaza kuna kazi ya pili ambayo watu hawaijui. Chini ya mwili wa bunduki kuna jino la chuma linalosukuma kitako kila risasi inapotoka. Jino hilo lisipokaa sawasawa, nguvu yote inakwenda nyuma kwenye mkia wa mwili, ambao unaingia kwenye mbao kama kabari kwenye gogo. .375 ya mjomba ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele nyuma ya mkia. Yeye alidhani ni mchubuko wa rangi. Fundi alilaza jino, akaacha upenyo mdogo nyuma ya mkia ili usiguse mbao, akapitisha vyuma viwili vya kukaza kwa upana wa kitako. Angeendelea msimu mwingine na ufa ule, kitako kingepasuka mikononi mwake mbele ya nyati.

Sasa mtutu. Mtutu mpya wa mkono wa fundi huvutia kwa sababu unaonekana, na mtu akilipa pesa nyingi anapenda zionekane. Mtutu wa .30-06 unaotunzwa huvumilia risasi maelfu kabla usahihi haujaanza kuanguka. Mwindaji wa kwetu anayepiga risasi 40 kwa mwaka, pamoja na za kuwekea shabaha, hatauchosha katika umri wake. Kinachoharibika mara nyingi ni mdomo tu, ile duara ya mwisho ambapo risasi inaagana na bunduki. Fimbo ya kusafishia iliyosuguana nayo miaka kumi, au bunduki kuegemezwa kichwa chini ndani ya gari, inatosha kuutia kovu. Kovu upande mmoja, gesi inatoka upande mmoja kwanza, risasi inayumba. Fundi anaukereza upya kwa mashine na umepona, kwa gharama ndogo sana ukilinganisha na mtutu.

Ukiweka kazi hizi mbili sambamba, mtutu mpya unakupa pengine sentimita 2 za usahihi ambazo huzihitaji kwa mita 120, unakuingiza kwenye mlolongo wa vibali, na ukilazwa kwenye kitako kilekile kibovu utahama vilevile masika yakija. Kulaza kwangu kulinigharimu chini ya robo ya bei ya kitako cha faibaglasi nilichoonyeshwa siku ileile, na ndiko kulikomaliza tatizo. Siwezi kuwa upande wa kati hapa: mtutu ni wa mtu ambaye kila kitu kingine kimeshakaa sawa.

Teke: pedi na vipimo, au breki ya mdomo

.375 H&H, risasi ya mwaka 1912 ambayo bado inaheshimiwa Afrika nzima, inapiga bega karibu mara mbili ya .30-06 kwenye bunduki za uzito unaokaribiana. Mtu anayeogopa teke hufumba macho kabla ya mlio. Hakuna triga wala darubini inayotibu macho yaliyofumba.

Breki ya mdomo ni kifaa chenye matundu kinachofungwa mwisho wa mtutu, kinaelekeza gesi pembeni na kuvuta bunduki mbele. Inafanya kazi kweli. Teke hupungua kwa theluthi, mara nyingine zaidi. Lakini gesi ile inakwenda wapi? Kwa aliyesimama kando yako. Mlio wa bunduki ya kawaida tayari umepita desibeli 140, kiwango ambacho hata mlio mmoja unaweza kuumiza sikio, na breki inauongeza na kuugeuzia pembeni. Porini hatuko peke yetu: kuna mfuata nyayo, kuna askari wa wanyamapori, wote bega kwa bega na wewe na masikio wazi kwa sababu wanasikiliza pori. Kumpunguzia mwenye bunduki maumivu ya sekunde moja kwa kumpa mfuata nyayo uziwi wa kudumu, mimi sikubali. Naiona breki ni ya uwanja wa shabaha, ambako kila mtu amevaa vifuniko vya masikio.

Pedi nzuri ya mpira laini hugharimu kidogo na haimdhuru mtu. Lakini hata pedi si kitu kama urefu wa kitako si wako. Kiwanda hukata kitako cha kila mtu kwa kipimo kimoja, kwa kawaida sentimita 34 hadi 35 na nusu kutoka triga hadi mwisho, kwa mwili wa wastani wa huko kinakouzia. Mjomba ana mikono mifupi. Alikuwa anainyosha shingo mbele ili aone kwenye darubini, jicho linaikaribia, na ana alama ya mwezi mchanga juu ya nyusi kama ushahidi. Fundi alipunguza kitako sentimita 2, akaweka pedi nene, akahakikisha kati ya jicho na kioo kuna karibu sentimita 10. Risasi ya kwanza aliyopiga baada ya hapo aligeuka akanitazama bila kusema neno.

Triga

Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu tamaa ni kubwa kuliko manufaa. Triga za kiwandani mara nyingi huwa nzito, kilo 2 hadi 3, maana kiwanda kinaogopa kesi. Fundi anaweza kuisawazisha iliyopo ikawa safi, isiyokwaruza, kwa kilo 1 na nusu hivi, na hiyo inatosha kwa mnyama yeyote. Kununua mpya, kama zile za Timney, kunafaa pale triga ya asili haina marekebisho, au ina historia mbaya. Mfano unaojulikana ni mwaka 2014, Remington ilipozirudisha bunduki za Model 700 na Model Seven zenye triga ya X-Mark Pro, zilizotengenezwa kuanzia 2006 hadi Aprili 2014, kwa sababu zingeweza kufyatuka bila kukusudia. Ukinunua bunduki iliyokwishatumika ya aina hiyo, mwambie fundi aikague kabla ya lolote.

Kwa .375, usiruhusu triga nyepesi. Kidole chenye jasho, moyo unaodunda, umetembea kilomita 12, hutaki bunduki inayofyatuka kwa wazo. CZ 550 zina triga ya kusukuma mbele inayoifanya iwe nyepesi mno. Ni tamu mezani, lakini mjomba aliifungia isitumike. Na kazi ya triga usijifanyie nyumbani kwa kufuata video. Ukikosea kwenye pedi utaumia bega. Kwenye triga anaweza kufa mwenzako.

Darubini na vilenga

Kwa bunduki yangu niliacha vishikilio vya kudumu, vile vya skrubu, na darubini ya mara 3 hadi 9. Ni vya bei ndogo, havina kinachotembea. Kinachoviua ni barabara. Kilomita 80 za vumbi na mitikisiko nyuma ya Land Cruiser hulegeza skrubu yoyote iliyokazwa kwa kukisia. Fundi anazikaza kwa bisibisi yenye kipimo na kuweka gundi ya kuzuia kulegea. Kazi ya nusu saa.

Mjomba alitoa pesa nyingi zaidi hapa, na alikuwa na haki. Aliweka vishikilio vinavyofunguka kwa wenzo, vinavyorudi kwenye shabaha ileile ukirudisha darubini, na chini yake vilenga vya chuma: nyuma uwazi mpana wa pembe butu, mbele ushanga mkubwa mweupe. Nyati aliyejeruhiwa akiingia kwenye kichaka, darubini ni kizuizi. Unataka kuiondoa kwa mkono mmoja na kuona macho yote mawili. Darubini yenyewe ni ya mara 1 hadi 4 tu. Kwa anayewinda swala, mpango huu wote ni pesa iliyopotea.

Kutu

Rangi ya bluu-nyeusi ya bunduki ni kutu iliyofugwa, na bila mafuta hewa ya bahari ya Raskazone inaila usiku mmoja. Chuma kisichoshika kutu kinachelewa tu, hakikatai. Mipako ya kauri inayookwa kwenye tanuri ndiyo inayostahimili chumvi zaidi, nayo ina thamani kwa anayeishi karibu na maji. Lakini kama huna pesa yake, kitambaa chenye mafuta kila jioni na kutoiacha bunduki ndani ya mfuko wa ngozi kunakufikisha mbali. Ngozi inanyonya unyevu na kuushika juu ya chuma. Niliwahi kuona mtutu umechorwa ramani ya mshono wa mfuko.

Nani achague nini

Kama wewe ni mwindaji wa kibali kimoja kwa mwaka, swala na ngiri, na bunduki yako inaweka matundu pamoja: kulaza kwa nguzo, kuuacha mtutu uelee, kupaka kitako ndani, pedi kama bega linalalamika. Basi. Pesa iliyobaki nunua risasi za aina moja na uzipige uwanjani. Mwindaji wa risasi 5 kwa mwaka hasaidiwi na fundi yeyote.

Kama unalenga nyati, pesa yako ya kwanza iende kwenye aina ya bunduki yenyewe, yenye ukucha. Ya pili kwenye kulisha: mwambie fundi ang'arishe njia ya risasi kisha aijaribu mbele yako kwa risasi bandia, magazini nzima, polepole na kwa kasi, bunduki ikiwa wima, ubavu na kichwa chini. Ikikwama hata mara moja, fundi hajamaliza kazi. Halafu kitako na jino lake, urefu, vilenga. Usahihi wa mita 300 usiuulizie.

Kama unafikiria kuagiza bunduki iliyoundwa upya yote kwa mkono, mtutu, kitako na mwili, sikuzuii. Ni kazi nzuri ajabu na nimeishika mikononi nikatamani. Ila uwe umeshapiga ya kiwandani kiasi cha kujua kwa uhakika ni kitu gani hasa kinakukwaza, kwa sababu fundi atakutengenezea kile utakachomwambia, na asiyejua atamwambia alichokisoma.

Ya kwangu imekaa kabatini masika mawili tangu ilazwe. Kila Juni naitoa bila kugusa skrubu hata moja, naipeleka uwanjani, napiga risasi moja ya mtutu baridi, halafu nakwenda kulitafuta tundu. Mara zote mbili limekuwa ndani ya kikombe kilekile cha kahawa. Mlango wa Ngamiani bado nausukuma kwa bega.